Mlango Usiopitisha Paka

Uliona. Usiniambie hukuona. Umepita ile njia ya Makoko inayoshuka ziwani, ndoo kichwani au baiskeli mkononi, ukakiona chumba cha uani kwa Bi Fatu kimefungwa kufuli kwa nje, na ndani mtu anakohoa. Ukasalimia. Sauti ya mwanamke ikakuitikia kutoka nyuma ya mlango wa bati, nzuri, za huko nje? Ukajibu nzuri, ukaendelea na safari yako, kana kwamba kusalimiana na mtu aliye nyuma ya kufuli ni jambo la kila siku. Wengine mlisema mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Wengine mlisema si yuko na vifaranga wake? Basi kaa nikusimulie alivyokuwa na vifaranga wake, maana sijasahau kitu, na waliopita hapo nawakumbuka mmoja mmoja.

Mwenye sauti ile ni Shamsia, mke wa Amini. Amini unamjua, fundi bati wa karibu na soko, anayetengeneza majiko, ndoo na masanduku ya wanafunzi. Mke alimtoa Bunda. Alipofika Musoma alikuwa na mkono wa kushona, na jirani yake Tausi, mwenye vyerehani barazani, akamkaribisha wakawa wanashona wote sare za shule. Mshono wa Shamsia ulikuwa unanyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Amini hakupenda. Hakusema hapendi, alisema tu kwamba nyumbani hakuna mtu. Nyumbani yuko mama yake mzazi, Bi Fatu, wako wapangaji wamejaa ua mzima, lakini kwa Amini hakuna mtu.

Kisha akaleta vifaranga, akasema ni mradi wa mke wake.

Ua ule una wanyama wawili, na lazima uwajue. Wa kwanza ni paka wa Bi Fatu, dume la kijivu, wapangaji wanamwita Bwana Afya kwa sababu hakuna sufuria ya mtu ambayo hajaikagua. Bi Fatu amemlea kwa vichwa vya furu, visamaki vya ziwani, tangu akiwa anaenea kwenye kiganja. Wa pili ni mbwa wa Eliasi, mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Butiama aliyeshinda miaka yake ya ujana kwenye mashimo ya dhahabu Buhemba. Mbwa anaitwa Mtasema. Jina hilo alipewa kwa ajili ya majirani wa zamani, likahama naye. Ni mwembamba na ana akili kuliko inavyohitajika: amejifunza kuinua komeo kwa pua.

Vifaranga wa kwanza Shamsia aliwaweka kwenye kile chumba cha uani, akawa anawaangalia na huku anakwenda kwa Tausi. Siku moja akiwa anamalizia sare za watu, Mtasema akainua komeo akaingia kunywa maji ya vifaranga. Hakumgusa hata mmoja, hilo naomba lijulikane. Lakini nyuma yake aliingia Bwana Afya. Amini aliporudi jioni alikuta manyoya, vijiguu, na paka amelala juu ya gunia la pumba anajilamba.

Hakuulizwa mwenye paka. Hakuulizwa mwenye mbwa. Amini alisimama katikati ya ua, wapangaji wote wakisikia, akamuuliza mke wake, "Ulikuwaga wapi?"

Ilipofika zamu ya vifaranga wengine, kikao kilikaa hapo uani. Shamsia alikuwa amefikiri. Alisema paka awekwe kwenye tenga mpaka vifaranga waote mbawa, na mbwa afungwe kamba mchana, basi, kazi imekwisha, na yeye atarudi kwenye cherehani. Bi Fatu alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema paka wake hajafanya kosa la kufungwa, tena kumfunga paka ni dhambi, kila mtu aliyesoma chuo cha Kurani anajua hilo. Eliasi naye aliongea taratibu kama kawaida yake. Mbwa akishinda kwenye kamba anakuwa mkali hovyo, alisema, kesho atamng'ata mwenye nyumba mje mniambie nihame.

"Sasa afungwe nani?" Shamsia aliuliza.

Amini alichukua futi akaenda kupima mlango.

Ndiyo hivyo. Paka ana haki zake, mbwa ana haki zake, na kila mmoja ana wa kumsemea. Aliyebaki bila wa kumsemea ndiye aliyepimiwa mlango.

Sitasema Amini ni fundi mbovu. Ningekuwa naongopa. Fundi bati wa kweli hachomelei, anakunja. Anachukua pindo la bati hili analifumbata na pindo la lile, anagonga kwa nyundo ya mbao taratibu, anakunja tena juu yake. Akimaliza anajaza maji. Tone likitoka, anakunjua anaanza upya. Ndoo za Amini hazivuji, muulize mtu yeyote sokoni. Na chumba cha vifaranga alikifanyia hivyohivyo. Dirisha akalivalisha bati kwa ndani na kwa nje. Ule mwanya kati ya ukuta na paa, unaotuingizia mbu na upepo wa ziwa, akauziba kwa bati na udongo. Mlango akaufunika wote, mapindo yakashuka mpaka kwenye kizingiti. Alipomaliza akaenda akachota ndoo ya maji, akaimwaga pale chini ya mlango, akachuchumaa kuangalia. Halikuingia tone. Akasimama akajipangusa mikono, akawaambia wapangaji maji hayapiti hapo, paka atapitia wapi?

Watu wakamsifu. Na wewe ulikuwepo, ulikuwa umeegemea baiskeli.

Ndani palipendeza kwa kweli. Pumba mpya imetandazwa sakafuni, boksi kubwa zimeunganishwa zikawa duara ili vifaranga wasijibanze pembeni wakakanyagana, maji yametiwa glukosi. Katikati ya duara akaweka jiko la mkaa la mkono wake mwenyewe, alilolizungushia ukuta wa bati ili kifaranga asiungue. Joto lake lilikuwa zuri, na halikuwa na moshi. Mkaa ukishashika hautoi moshi. Watu wengi wanadhani bila moshi hakuna hatari, na hapo ndipo tunapozikwa. Nakumbuka Bunda, mwaka wa mvua ile ndefu, mtu na mke wake walikutwa asubuhi wamelala hawaamki na jiko liko karibu na kitanda. Ukoo ulikaa ukasema wamerogwa, ukamtafuta mrogaji mpaka wakagombana wao kwa wao. Jiko lenyewe alilichukua shemeji akaenda kulitumia kwake.

Vifaranga walikuja na basi la Mwanza kwenye maboksi yenye matundu. Waliowafunga kule Mwanza walijua kifaranga anahitaji tundu la kupumulia. Amini akawahesabia mle ndani, akamwingiza Shamsia na godoro lake na ndoo ya haja, akafunga kwa nje. Alisema kufuli si la Shamsia, ni la wanyama: mlango ukifunguliwa hata kidogo, Bwana Afya yumo. Kwa hiyo utafunguliwa asubuhi na jioni tu, yeye Amini akiwepo kuzuia kwa mguu. Mama yake hakumwachia ufunguo, maana alimjua mama yake, angefungua kumtafuta paka. Ufunguo ukakaa kwenye mkanda wa suruali.

Shamsia alikubali. Mnapenda kusema hilo, kwamba alikubali mwenyewe. Alikubali kwa sababu alikuwa ameshaambiwa uani, mbele za watu, kwamba wale wa kwanza aliwaua yeye. Akasema hawa wakikua salama hakuna atakayenizuia tena kwenda kwa Tausi. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka, kurudi kwenye cherehani mchana kweupe bila kuulizwa alikuwaga wapi.

Siku za mwanzo alikuwa anaimba mle ndani. Tausi alikuwa akipita anamtania kupitia bati, shoga umekuwa bibi harusi wa nani huko, na Shamsia anamjibu wa majogoo, bado hawajawika. Baadaye nyimbo zikapungua. Alisema kichwa kinamuuma, kinamgonga hapa kwenye paji. Bi Fatu akasema ni kukosa usingizi. Alisema miguu inaisha nguvu. Amini akasema ni harufu ya pumba, atazoea. Kila asubuhi alikuta vifaranga wawili watatu wamekufa, akanywea kwa aibu, na mume akamuuliza unawalishaje. Kisha akaanza kutapika, na hapo ndipo ua mzima ulipofurahi.

"Mwanangu, hiyo ni mimba," Bi Fatu alisema, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango kama mtu anayeongea na simu. "Tulia humohumo. Mimba changa haitaki kuhangaika."

"Mama, nikitoka nje asubuhi kinapoa. Nikirudi ndani kinaanza tena."

"Ndiyo mimba zilivyo. Ya Amini ilikuwa inanichukiza jua."

Wakampelekea ndimu. Wakampelekea udongo wa kula. Tausi akaanza kukata kitambaa cha mtoto. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni mimba gani inayokuja mtu akiingia chumbani na kuisha akitoka.

Shamsia mwenyewe aliona jambo kwa vifaranga. Alilisema siku ile ile kwa mume, na mume akalitafsiri anavyotaka. Vifaranga walikuwa wanaruka duara la boksi, wanaacha joto, wanakuja kujipanga chini ya mlango, midomo wazi, wote wameelekea kwenye mstari mdogo wa mwanga ambapo pindo la mwisho la bati lilikuwa limeanza kuinuka. Kifaranga mchanga anayeacha joto ana sababu. Shamsia akalala kifudifudi kati yao akaweka pua pale. Kichwa kikapungua kugonga. Akakaa hivyo siku nzima, mtu mzima na vifaranga, wamepanga foleni ya hewa.

Ila pale kwenye mwanya Mtasema naye alikuwa amegundua harufu ya vifaranga. Akawa anakwangua kwa nje. Amini aliona alama za kucha, akaleta nyundo yake ya mbao, akalilaza lile pindo mpaka mwanga ukaisha. Shamsia alimwomba kwa ndani aache. Amini alimjibu kwa upole kabisa, nakulinda wewe na wanao.

Kesho yake ilinyesha tangu asubuhi. Amini alikuwa na mzigo wa majiko wa kupeleka mnadani Bunda, akaongeza mkaa kwa sababu ya baridi, akafunga, akaondoka na ufunguo. Bi Fatu alikuwa msibani. Mvua kubwa juu ya bati, wewe unajua, mnaweza kukaa chumba kimoja msisikizane. Shamsia aligonga. Tausi, barazani kwake, alisikia kitu kinagonga, akasema leo shoga anafukuza panya. Watu walipita wamejifunika mifuko ya nailoni. Mmoja alisikia mtu anaita, na ninamjua, akaona akisimama ataloa.

Alipoona kugonga hakuna faida, Shamsia alishika kile alichokuwa nacho, chombo cha bati cha kulishia vifaranga. Alikuwa ameishi na fundi bati miaka yote ile, amemshikia mabati upande wa pili akikunja. Alijua mkunjo haufunguki katikati, unafunguka pale ulipomalizikia. Akapapasa kwa vidole chini ya mlango, maana macho yalikuwa yanamletea giza, akapata mwisho wa pindo, akachomeka ukingo wa kile chombo, akainua. Likakunjuka kidogo. Akainua tena. Vidole vilichanika lakini mkono ukapita, mpaka kwenye kifundo. Kisha nguvu zikaisha, mkono ukabaki pale nje kwenye tope, kiganja kimeangalia juu, mvua inakinyeshea.

Wa kwanza kufika alikuwa Bwana Afya. Alinusa kile kiganja, akarukia kizingiti akajikunyata pasipoloa, akatulia. Wa pili alikuwa Mtasema, naye hakutulia. Alibweka mpaka Eliasi akatoka na ubao wa kumtwanga.

Eliasi aliuona ule mkono. Aliinama akaushika, haukumshika. Na hapo Eliasi hakuuliza ufunguo uko wapi, wala hakuita wazee. Alirudi chumbani kwake akatoka na mtaimbo wake wa zamani wa Buhemba, akauingiza nyuma ya kufuli, akang'oa komeo na misumari yake na kipande cha mbao. Alivuta pumzi kubwa nje, akaibana, akaingia, akamburuta Shamsia kwa makwapa mpaka kwenye mvua. Nyuma yake, ndani, vifaranga walikuwa wamelala kimya wote, wengi wao wamebanana kuelekea mlangoni.

Tausi alikuja anakimbia na kitambaa cha mtoto bado kiko mkononi. Ndiye aliyetafuta bodaboda, wakampakia katikati, wakampeleka hospitali. Alikaa kwenye hewa ya mtungi mpaka akafungua macho. Daktari akauliza mlikuwa mnapika ndani? Akauliza na mimba ni ya miezi mingapi, maana anaambiwa ipo, na yeye haioni. Haikuwepo. Haikuwahi kuwepo.

Eliasi tuliongea siku ile ile, tumejibanza kwenye kibaraza cha hospitali. Yeye ndiye anayenichoma kuliko Amini.

"Ile hewa naijua," aliniambia. "Shimoni tulikuwa tunaizimia. Tulikuwaga tunashusha koroboi kwanza, ikizimika hatushuki. Siku Amini anaziba juu pale, niliwaza koroboi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema hewa, wangesema acha mlango wazi. Wangesema mlango wazi, wangesema funga mbwa wako." Akajipangusa tope mikononi. "Nikanyamaza."

Alijua, akapima jambo, akaona usumbufu wake ni mzito kuliko pumzi ya mwanamke wa watu. Akaja akavunja mlango dakika ya mwisho, na kwa hilo namheshimu. Lakini kati ya kunyamaza kwake na kuvunja kwake kuna siku ngapi za mtu kulala pua sakafuni? Na wewe kati ya kusalimia kwako na leo?

Amini alirudi jioni. Swali lake la kwanza uani, akiwa bado ameloa, lilikuwa nani amevunja mlango wangu. La pili lilikuwa vifaranga. La tatu nadhani lilikuwa la mke, ila watu walikuwa wameanza kuongea sikusikia vizuri.

Wazee wakakaa. Wakasema ni ajali, na kwamba vifaranga wamekufa kwa jicho la watu, kwani banda lilisifiwa mno siku ile. Eliasi akapewa notisi kwa kuharibu mali ya mwenye nyumba, akaondoka na mbwa wake, sasa yuko kwa dada yake Butiama. Tausi akaombwa kwa adabu asifike kwanza, mke wa mtu apumzike. Shamsia akarudishwa. Anatembea, anapika, anaitikia salamu. Ila mkono unatetemeka. Nilimwona anajaribu kupitisha uzi kwenye sindano, anaupeleka pembeni, anaulamba, anaupeleka tena pembeni, mpaka Bi Fatu akamnyang'anya akapitisha yeye. Anaanza sentensi anaisahau katikati, kisha anakuangalia wewe kana kwamba wewe ndiye uliye nayo.

Ungedhani imeishia hapo. Haikuishia. Bwana Afya bado yuko, anakula furu wake, hajafungwa. Na wiki hii Amini ametengeneza mlango mpya, chuma kitupu, safari hii kachomelea, haukunjuki kwa chombo cha kulishia. Ameuonyesha watu. Ameweka tundu juu kwa ajili ya hewa, tundu la kupitisha kidole, nalo kaliwekea wavu, na akauziba wavu kwa gunia kwa sababu ya mbu. Pumba imetandazwa. Godoro liko ndani. Mkaa umeletwa. Nilimuuliza Shamsia kwenye dirisha la jikoni kama amekubali. Alifikiri sana akasema, "Wakikua hawa, nitarudi kwa Tausi."

Basi la Mwanza linaingia stendi leo alasiri na maboksi yenye matundu. Kutoka stendi mpaka Makoko si mbali. Uani pale hayupo tena mwenye mtaimbo, na mbwa wa kubweka ameshahamishwa. Umebaki wewe.

Kwa hiyo acha kusoma. Usiende kumwona mwenyekiti wa mtaa, ana kikao. Usimpigie Amini simu kumshauri, atakushukuru na atafunga. Nenda mwenyewe, sasa hivi, kabla jiko halijawashwa. Pita na Tausi, pita na yeyote utakayemkuta njiani aliyewahi kusalimia ule mlango. Ingieni uani bila kupiga hodi ya kuomba ruhusa. Litoeni jiko, liwekeni nje kwenye mvua kama inanyesha. Ng'oeni mlango kwenye bawaba. Paka mtieni kwenye tenga, Bi Fatu alie. Kisha mshike Shamsia mkono, ule unaotetemeka, umtoe mpaka barabarani, na usimwachie, hata kama mume wake atauliza anakwenda wapi. Simama. Vaa viatu ukiwa njiani.